SURA YA NNE: Santuri Mbili na Mkono Mmoja

Wako watu katika fani ya muziki ambao hawaimbi, hawapigi gitaa wala hawapulizi tarumbeta, na kwa sababu hiyo wengi wetu hatukuwa tayari kuwahesabu miongoni mwa mafundi. Kazi yao ni kuchagua santuri ya mwenziwao na kuipiga mbele ya watu, na mtu asiyetafakari huweza kudhani kwamba kazi hiyo haihitaji elimu wala kipaji, maadamu sauti imekwisha kutengenezwa na mwingine na kinachozunguka ni mashine. Dhana hiyo nataka kuipinga katika sura hii kwa kusimulia habari za Nkosinathi Maphumulo wa Afrika Kusini, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Black Coffee. Kwani sijaona mtu mwingine katika zama hizi aliyedhihirisha kwa ukamilifu kama wake kwamba mchagua santuri anaweza kuwa mdhamini wa muziki wa bara zima, akasimama mbele ya wageni na kuliweka jina lake rehani kwa ajili ya nyimbo za kwao.

Alizaliwa tarehe 11 Machi 1976 huko Umlazi, kitongoji kikubwa cha Waafrika kilichojengwa nje ya jiji la Durban, miezi mitatu kabla ya watoto wa shule wa Soweto kumiminika barabarani na kupigwa risasi. Utoto wake ulipita Mthatha, mji ambao zama hizo ulikuwa ukiitwa Umtata na kuhesabiwa makao makuu ya Transkei, kimojawapo katika vile vijinchi vya bandia ambavyo serikali ya makaburu ilivikata kwa mkasi wa ubaguzi na kuvitangaza kuwa huru, ilhali hapakuwa na dola nyingine duniani iliyokubali kuvitambua. Kukua mahali kama hapo ni kukua pembezoni, mbali na studio na mbali na magazeti, na mimi sioni ajabu kwamba kijana wa Mthatha alijifunza mapema kwamba muziki mzuri hauji wenyewe mlangoni. Sharti mtu autafute, auchague, kisha awashawishi wengine kuusikiliza.

Februari 1990 Nelson Mandela alifunguliwa baada ya miaka 27 ya kifungo, na Waafrika wa nchi nzima wakatoka nje usiku kushangilia. Katika njia za Mthatha watu waliimba na kucheza, na Nkosinathi, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na minne, alikuwa katikati ya umati huo. Gari likaja kwa kasi likawavamia wachezaji. Yeye aliokoka, lakini mishipa ya fahamu inayoshuka kutoka begani kwenda mkono wa kushoto iliharibika, na tangu usiku ule mkono huo haukumfaa tena kwa kazi. Kwa miaka mingi hakupenda kulisema jambo hilo hadharani. Waliomtazama jukwaani walimwona kijana mtanashati, mkono wa kushoto mfukoni, wakadhani ni madaha ya usanii.

Msomaji ambaye hajapata kusimama karibu na meza ya DJ inafaa aelezwe kazi yenyewe ilivyo, ndipo aone uzito wa msiba ule. Mezani pana mashine mbili za kuchezea santuri, ambazo siku hizi aghalabu ni za kidijitali, na baina yake pana kisanduku cha kuchanganyia, chenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito, sauti ya kati na sauti nyembamba za kila upande. Wakati wimbo mmoja unaendelea na watu wanaucheza, DJ huusikiliza wa pili kwa sikio moja katika hedifoni, akiuharakisha au kuuchelewesha kwa kishikio kilichoko ubavuni mwa mashine, mpaka mapigo ya nyimbo mbili yaende pamoja kama michi ya wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja. Kisha huipunguza besi ya wimbo wa kwanza palepale anapoifungulia ya wimbo wa pili, kwa kuwa besi mbili zikigongana ukumbi mzima huvurugika. Kazi hiyo ilibuniwa na watu wenye mikono miwili, mmoja wa kushika kasi na mmoja wa kushika sauti. Maphumulo anao mmoja tu, na kwa huo hufanya jambo la kwanza, akaliacha, akafanya la pili, akalirudia la kwanza, pasi na mcheza dansi yeyote kung'amua kwamba pana pengo. Naamini kwamba ule utulivu wa mapokezano yake, ambamo wimbo hukaa ndani ya mwenziwe kwa muda mrefu kabla ya kuondoka, asili yake ni hapa: mtu asiyeweza kufanya mambo mawili kwa pamoja hujizoeza kuyapanga kabla, na mwenye kupanga kabla hana sababu ya kukimbilia.

Mahadhi aliyoyachagua yalikuwa ya muziki wa hausi, ambao ulizaliwa Chicago, Marekani, baina ya mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, katika ukumbi ulioitwa Warehouse. Humo Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetoka New York, alikuwa akiwachezesha watu hadi alfajiri, wengi wao wakiwa weusi na Walatino waliobaguliwa katika kumbi nyingine. Santuri za muziki huo zilifika Afrika Kusini kabla ya ubaguzi wa rangi kuanguka, zikapendwa vitongojini kwa mapenzi ambayo hata Chicago kwenyewe hayakudumu hivyo. Ma-DJ wa Afrika Kusini wakazipunguza kasi, mapigo 120 hivi kwa dakika yakashuka yakakaribia 100, wakaongeza juu yake maneno ya Kizulu, ya Kisotho na ya lugha ya vijiweni, na katika miaka ya mwanzo ya 1990 ikapatikana kwaito, ambayo ndiyo sauti ya kwanza ya vijana wa nchi ile katika uhuru wao.

Katika historia hiyo pana mtu mmoja ambaye siwezi kumpita bila kumtaja. Oscar Mdlongwa, maarufu kwa jina la Oskido, alikuwa akiuza mikate ya soseji nje ya klabu ya Razzmatazz katika mtaa wa Hillbrow, Johannesburg, mpaka akapata nafasi ya kuingia ndani na kushika mashine. Baadaye yeye, pamoja na Christos Katsaitis na mpiga piano Don Laka, wakaanzisha kampuni ya kurekodi ambayo kwa jina la Kalawa Jazmee iliwatoa Boom Shaka, Trompies, Bongo Maffin na Mafikizolo. Hao ndio waliofyeka njia. Black Coffee alipokuja alikuta barabara ipo, na watu wamekwisha kuzoea kwamba DJ anaweza kuwa mwajiri, mchapishaji na mlezi wa waimbaji.

Elimu yake ya muziki aliipata Durban, katika chuo cha Technikon Natal, alikosoma jazi, na akawa akiitikia nyimbo nyuma ya Madala Kunene, mpiga gitaa mashuhuri wa mji huo. Pamoja na wenzake wawili akaunda kundi la sauti lililoitwa Shana. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza jambo linaloonekana katika kazi zake zote: aliingia katika mashine akitokea katika uimbaji, tena uimbaji wa kuitikia, na mwitikiaji hufundishwa tangu siku ya kwanza kwamba sauti yake isiizidi ya mwenye wimbo. Mwaka 2003 akachaguliwa kuhudhuria mafunzo ya Red Bull Music Academy yaliyofanyika Cape Town, na mwaka 2005 akatoa albamu yake ya kwanza chini ya kampuni yake mwenyewe, Soulistic Music.

Ndani ya albamu hiyo mlikuwa na wimbo ambao, kwa maoni yangu, ndio uliofungua mlango wa yote yaliyofuata. Kijana wa miaka 29 aliuchukua Stimela wa Hugh Masekela, wimbo wa miaka ya 1970 ambao Mwafrika yeyote wa upande ule wa kusini anaujua, na ambao ndani yake Masekela huiga kwa koo lake mlio wa treni ya makaa ya mawe iliyowabeba vibarua kutoka nchi zote za jirani kwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Habari hiyo inatuhusu na sisi. Wazee wa nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika wanaikumbuka Wenela, lile shirika la kuandikisha vibarua lililowachukua vijana wa huku kwenda machimboni, wengine wakarudi na blanketi na redio, wengine wakarudi na kifua kibovu, na wengine wasirudi kabisa, mpaka serikali ya nchi huru ilipolikataza. Wimbo wa namna hii ni amana; mtu hauchukui kwenda kuuchezea kwenye ukumbi wa ulevi pasi na kujiuliza kama anayo haki.

Alichofanya Black Coffee ni kuiacha sauti ya mzee wake mahali pake, mbele, na tarumbeta yake kadhalika, kisha akatandika chini yake pigo la hausi lisilokatika. Na hapo ikadhihirika kwamba pigo la Chicago na mwendo wa magurudumu ya treni juu ya reli vilikuwa vikitafutana siku nyingi. Vijana ambao wasingenunua santuri ya Masekela waliucheza wimbo huo mpaka kukacha, wakaenda nyumbani wakiimba habari za babu zao. Nimepata kuwasikia watu wakisema kwamba kuupa wimbo wa huzuni mahadhi ya dansi ni kuuvunjia heshima. Sikubaliani nao. Waafrika hatujapata kuitenga huzuni na ngoma. Matanga yetu yana ngoma, na safari zetu za majonzi zina nyimbo, na lililo muhimu ni kama anayeipiga ngoma hiyo amemtaja marehemu kwa jina lake.

Ikhlasi hiyo ya kuwatanguliza wengine ndiyo iliyoendelea katika albamu ya Home Brewed ya mwaka 2009, ambayo mimi naiona kuwa kilele cha kazi zake. Humo Masekela yumo tena, na Ringo Madlingozi yumo, na Zakes Bantwini, kijana wa Durban ambaye baadaye alipata umaarufu mkubwa wa nafsi yake. Na humo yumo Busi Mhlongo, bibi wa maskanda, muziki wa gitaa wa Wazulu waliohamia mijini, ambaye alikuwa na sauti iliyoweza kumsimamisha mtu njiani. Busi Mhlongo alifariki dunia mwaka uliofuata, Juni 2010. Kwa vijana wengi aliyewajulisha sauti yake ni DJ, na hili peke yake lingetosha kumpa Maphumulo nafasi katika kitabu hiki.

Katika albamu hiyo hiyo mna wimbo uitwao Superman, ulioimbwa na Bucie, binti mwenye sauti laini isiyojilazimisha. Ala ni chache: ngoma, besi, vinanda vilivyotandazwa kwa mbali, na nafasi kubwa iliyoachwa tupu makusudi ili sauti ya binti ipumue. Mwaka 2017 Drake, mwimbaji wa Kanada ambaye wakati huo alikuwa katika kilele cha umaarufu, aliutumia wimbo huo kuwa msingi wa Get It Together katika mkusanyiko wake wa More Life, akimwalika Jorja Smith wa Uingereza kuimba, na jina la Black Coffee likaandikwa pamoja na yao. Miaka minane ilikuwa imepita. Kwa kitu ambacho watu hukiita muziki wa kupita tu, wa usiku mmoja, wimbo huo ulikaa, na uliposikika kwa mamilioni ya watu waliokuwa hawajawahi kusikia habari za Umlazi wala Mthatha, mapigo yake yalikuwa ni yale yale ya 2009.

Nyumbani kwake, wakati huo wote, alikuwa amekwisha kuwa mtu mkubwa, na hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita. Mwaka 2010, katika Maponya Mall, Soweto, alipiga muziki kwa muda wa saa 60 mfululizo, kwa mapumziko ya dakika chache tu, akiwachangishia fedha watu wenye ulemavu. Na yeye alisimama saa zote hizo akifanya kwa mkono mmoja kazi ya miwili, mbele ya watu waliokwenda dukani kununua unga na sabuni wakamkuta, wakarudi kesho yake wakamkuta bado yupo. Kisha akakusanya okestra ya watu 24 katika uwanja wa Moses Mabhida, Durban, ule uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia, akazipiga nyimbo zake zikisindikizwa na fidla na tarumbeta, na tamasha hilo likatolewa mwaka 2012 kwa jina la Africa Rising. Mtu anaweza kuuliza: muziki uliotengenezwa kwa mashine unahitaji fidla za nini? Naona alikuwa akiwaeleza watu wa kwao, wazee kwa vijana, kwamba yale waliyokuwa wakiyasikia kwenye teksi za abiria na kwenye harusi za vitongojini ni muziki kamili, unaostahili uwanja mzima na taadhima yote inayopewa muziki mwingine.

Basi Ulaya ilipomtambua, ilimtambua mtu aliyekwisha kukomaa. Tuzo ya DJ chipukizi aliyovishwa mwaka 2015 huko Ibiza, kisiwa cha Uhispania ambako ma-DJ wa dunia hukutana kila kiangazi, alipewa miaka kumi baada ya albamu yake ya kwanza, baada ya kuwa amekwisha kuzijaza kumbi za kwao kwa muongo mzima. Chipukizi alikuwa machoni mwa waliomtunza tu. Mwaka uliofuata akawa mtu wa kwanza wa Afrika Kusini kupata tuzo ya BET ya msanii bora wa kimataifa kutoka Afrika. Ukumbi wa Hï ukampa usiku wa Jumamosi, ambao ndio usiku wa thamani, na kwa misimu kadhaa mgeni wa Ibiza aliyelipa kiingilio chake aliweza kusikia humo sauti za Kizulu na Kixhosa, saa tisa za usiku, bila mtu yeyote kuomba radhi wala kutafsiri.

Tarehe 3 Aprili 2022, mjini Las Vegas, albamu yake ya Subconsciously ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya dansi na elektroniki, na hapana Mwafrika aliyeipata tuzo ya fungu hilo kabla yake. Ilikuwa fahari kubwa, na siku ile niliiona kuwa ni fahari ya wote. Hata hivyo insafu inanilazimu niseme kwamba Subconsciously si kazi yake iliyo bora. Ndani yake wamo Usher, Pharrell Williams na David Guetta, watu wa heshima katika fani yao, na yumo Msaki wa Afrika Kusini, ambaye wimbo wake ndio unaonirudisha kwenye albamu hiyo mara kwa mara. Lakini wazee hawamo. Yule kijana aliyeingia na Masekela na Busi Mhlongo mkononi ameingia safari hii na wenyeji wa nyumba ile ile anayoizuru. Tuzo ilitolewa kwa albamu ya 2021, na mimi huipokea kuwa ni malipo yaliyochelewa ya albamu ya 2009.

Ama kuhusu kuwalea wengine, hakuwa bahili. Culoe De Song, kijana kutoka Eshowe katika KwaZulu-Natal ambaye nyimbo zake zina giza na upana wa msitu, alipitia mikononi mwa Soulistic, na kwa njia hiyo akafika Ujerumani na kwingineko. Shimza wa Tembisa kadhalika alitembea naye. Tarehe 7 Oktoba 2023, Black Coffee aliposimama katika Madison Square Garden, New York, jukwaa ambalo kwa kawaida ni la mabondia na waimbaji wakubwa, ule mkondo wa muziki ambao siku hizi huitwa afro-hausi ulikuwa umekwisha kuwa na mamia ya watengenezaji, kutoka Durban hadi Lisbon, na wengi wao hawakuwa Waafrika. Jambo hili la mwisho linawakera baadhi ya watu. Mimi halinikeri, maadamu wenye mali wanatajwa na kulipwa. Muziki ukisha kutoka hauzuiliki, na linalobaki ni hesabu.

Narudi kwenye lile nililosema kwamba wengi hulipita. Aghalabu tunasimulia habari za wasanii wa Kiafrika kana kwamba maisha yao yalianza siku waliposhuka katika kiwanja cha ndege cha Ulaya. Katika habari za Black Coffee mpangilio huo ni batili. Nguvu yake ilitokana na nchi ambayo hausi hupigwa redioni mchana kweupe, ambayo bibi harusi huingia ukumbini kwa hausi, ambayo dereva wa abiria hujulikana kwa ubora wa nyimbo zake. Nchi ambayo mtengenezaji wa muziki anaweza kula na kuvaa kwa fedha za watu wa kwao kabla hajajua bei ya tikiti ya kwenda London. Ndiyo maana baada ya hausi nchi hiyo hiyo ikaweza kutoa gqom ya Durban, ngumu na yenye mapengo, ambayo DJ Lag aliifikisha mbali, na kisha amapiano ya vitongoji vya Pretoria na Johannesburg, ambayo imefika mpaka kwetu: mwaka 2021 Diamond Platnumz alitoa Iyo pamoja na Focalistic na wenzake wa Afrika Kusini, na tangu hapo haijapita harusi ya mjini Dar es Salaam bila besi ile ya amapiano inayonguruma kama ngoma ya gogo.

Na sisi tunayo yetu. Katika Manzese, Tandale na Mburahati, vijana wenye kompyuta kuukuu walichukua vipande vya taarabu, wakavikata, wakavikimbiza mpaka mapigo 200, na wengine 300 kwa dakika, mwendo ambao mgeni akiusikia mara ya kwanza hudhani mashine imeharibika. Wakaleta na washereheshaji wa kughani juu yake, wenye pumzi isiyokwisha, na vigodoro vya mitaani vikawa chuo chao. Hiyo ni singeli. Hapana muziki wa elektroniki duniani unaofanana nayo, nalisema hili bila kusita, na waliolisema kabla yangu ni watu wa Kampala, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ilipotoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017, kutokana na kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam. Baada ya hapo Bamba Pana, Jay Mitta na DJ Travella wakaalikwa kwenye majukwaa ya Ulaya, na magazeti ya huko yakawaandika kwa mshangao.

Uswahilini singeli haihitaji utetezi. Watoto wanaicheza kabla hawajajua kusoma. Inapokosa mdhamini ni pale penye vipaza sauti vikubwa na malipo makubwa: kwenye hafla za hoteli, kwenye harusi za wenye uwezo, kwenye vilabu ambavyo DJ hupiga amapiano saa nne nzima, na singeli akaiweka dakika tano za mwisho, watu wakicheka, kama kitu cha mzaha. Naipenda amapiano, wala simwombi mtu aiache. Lakini waliotuletea amapiano hawakuiweka dakika tano za mwisho kwao. Waliipa katikati ya usiku, ukumbi ukiwa umejaa, na yule aliyeipiga akawa tayari kuchekwa msimu mmoja au miwili mpaka watu wakazoea.

Basi nawaomba ma-DJ wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, hasa wale ambao jina lao limekwisha kupata uzito kiasi cha kuajiriwa bila kuulizwa watapiga nini, waiweke singeli katikati ya usiku, na taarabu iliyotengenezwa upya waiweke, na chakacha, na wamtaje kwa kipaza sauti aliyeitengeneza kila moja, jina lake na mtaa wake. Nawe msomaji, siku utakayomwajiri DJ kwa ajili ya harusi ya mwanao, usimkabidhi fedha kabla hamjakubaliana kwamba saa tano za usiku, wageni wote wakiwapo, atapiga singeli nusu saa.